Sura ya Nne: Umaskini Unaotaka Karatasi

Kila mwaka Bodi ya Mikopo inapotoa awamu ya kwanza ya majina, lawama moja huzunguka Bagamoyo, kuanzia Dunda na Magomeni hadi Kaole, Zinga na Mapinga: wamepewa wenye nacho, wameachwa wasio nacho. Siipuuzi lawama hiyo, kwa sababu mara nyingi aliyeachwa kweli hana kitu. Lakini keti naye, mfungue fomu yake ukurasa kwa ukurasa, na utakuta jambo lisilosemwa barazani. Majirani wote walijua kwamba kwao ni maskini. Bodi haikujua, maana katika alivyoambatisha hapakuwa na karatasi hata moja iliyosema hivyo.

Pesa ya kusomea chuo ipo, na imekuwa ikiongezeka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Mwaka wa masomo 2021/22 serikali ilitenga shilingi bilioni 570 kwa ajili ya mikopo, na kufikia 2024/25 zilikuwa bilioni 787. Ufadhili upo pia, wa ndani na wa nje, nami nitaufikia. Ila mlango wa pesa hizi zote ni mmoja, nao ni nyaraka. Mtoto wa pwani ndiye ninayemwona akisimama mbele ya mlango huo mikono mitupu kuliko wengi, kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na akili yake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Katika miaka ya 1890 tajiri Sewa Haji Paroo, aliyepata mali kwa kugharimia misafara iliyotoka hapa kwenda bara, alikabidhi jengo la shule mjini Bagamoyo kwa serikali ya Wajerumani, kwa sharti kwamba watoto wa kila asili wapokewe. Mji ulikuwa mdogo, mtoaji na mpokeaji wakiishi mahali pamoja. Julius Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, Watanganyika waliokuwa wakisoma vyuo vikuu walihesabika kwa vidole. Hata Oktoba 1961, chuo kikuu kilipoanza Dar es Salaam katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Kwa idadi hiyo kila mmoja alijulikana kwa jina na kwao, na serikali ikalipa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaja uchangiaji wa gharama, kisha mikopo, na leo waombaji ni makumi ya maelfu kila mwaka. Anayepima uwezo wa nyumba yenu amekaa mbele ya kompyuta. Hajui kwamba mama yako analima mwani Mlingotini. Anachojua ni kile kilichoambatishwa.

Tuanze na cheti cha kuzaliwa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mfumo mpya wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo, kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, ulianza Mbeya mwaka 2013, kisha ukasambaa mkoa kwa mkoa. Kijana anayemaliza kidato cha sita miaka hii alizaliwa kabla ya hapo. Kama alizaliwa nyumbani kwa bibi kule Kiromo au Makurunge, huenda hana chochote zaidi ya kadi ya kliniki, kama panya hawakuila. Cheti bado anaweza kukipata. Wilayani usajili hufanyika katika ofisi ya Katibu Tawala, na maombi hufanyika pia kwa mtandao wa RITA, wakala wa serikali wa usajili. Lakini anayechelewa kusajiliwa huombwa ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha kumaliza darasa la saba, barua ya mtendaji, cheti cha ubatizo.

Hilo la ubatizo linahitaji tulitazame vizuri. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka misheni yao hapa mwaka 1868, na Kanisa likija mahali huja na daftari lake. Mtoto wa Kikristo, hata akizaliwa porini, siku ya kubatizwa jina lake na la wazazi wake huandikwa, pamoja na tarehe. Mtoto wa Kiislamu hufanyiwa akika. Mbuzi huchinjwa, jina hutangazwa, ndugu na jamaa hushuhudia, na hakuna kinachoandikwa. Dini haina kosa hapo, wala wazazi hawana. Ni kwamba ushahidi wetu umekaa katika vichwa vya watu, na Bodi haiwezi kuviona vichwa hivyo. Misikiti mingi ina kamati na makatibu wanaojua kuandika vizuri kabisa. Daftari la akika lenye jina la mtoto, la baba, la mama na tarehe lisingegharimu zaidi ya bei ya daftari, na barua ya msikiti iliyotokana nalo ingemsaidia mtendaji kuandika yake kwa uhakika.

Upande wa kifo ni mgumu zaidi. Yatima ni miongoni mwa wanaopewa kipaumbele katika mkopo, na yatima huthibitishwa kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Sasa fikiria jinsi tunavyozika. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri au alasiri yuko kaburini, kama dini inavyotaka. Aliyefia nyumbani hakupita hospitali, na katika siku zile za msiba hakuna anayewaza karatasi. Miaka kumi baadaye mwanawe anajaza fomu na kuandika kwamba baba hayupo, bila chochote cha kuonyesha. Kwa wavuvi kuna jambo linalouma kuliko hilo: baba aliyekwenda baharini na hakurudi, wala mwili haukuonekana. Huyo hawezi kuandikiwa cheti kwa barua ya kijiji peke yake, na familia hujikuta inahitaji mahakama. Ndiyo maana nawaomba wafiwa, bila kuvunjia heshima msiba wa mtu, wateue ndugu mmoja mwenye utulivu afuatilie kibali cha mazishi na kusajili kifo kabla ya arubaini. Kazi hiyo mtoto wa darasa la pili hawezi kujifanyia, na atakapofika umri wa kuifanya, mashahidi watakuwa wametawanyika.

Kisha kuna majina. Pwani mtu mmoja anaweza kuwa Athumani katika cheti cha darasa la saba, Othman katika cheti cha kuzaliwa na Athuman katika matokeo ya Baraza la Mitihani. Selemani huwa Suleiman, Ramadhani hupoteza herufi ya mwisho, na Mwanahamisi anaweza kuandikwa kwa njia ambazo hata mwenyewe hajawahi kuziona. Ongeza jina la utotoni alilopewa na bibi, ambalo shangazi ndilo alilomwandikishia shule. Kwetu huyu ni mtu mmoja. Kwa mfumo unaolinganisha taarifa za RITA, za Baraza na za kitambulisho cha taifa, hawa ni watu watatu. Kurekebisha baadaye huhitaji hati ya kiapo kwa wakili, na wakati mwingine hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Hayo ni gharama na safari, tena wakati dirisha la maombi linakaribia kufungwa. Wakati rahisi wa kurekebisha ni kabla shule haijatuma majina ya watahiniwa wa kidato cha pili na cha nne. Mzazi, kabla ya hapo peleka cheti cha kuzaliwa kwa mwalimu, mlinganishe herufi kwa herufi. Ukifanya jambo moja tu kati ya yote yaliyomo katika sura hii, naomba liwe hilo.

Kwa hiyo nakataa mazoea ya kuanza kushughulikia pesa ya chuo baada ya matokeo ya kidato cha sita. Angalia kalenda yenyewe. Mtihani ni Mei. Mara baada ya hapo vijana wengi huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, yaliyorejeshwa mwaka 2013. Mwenye bahati hupangiwa Ruvu, jirani hapa, mwingine Bulombora kule Kigoma. Matokeo hutoka Julai. Kwa miaka ya karibuni dirisha la mikopo limekuwa likifunguliwa Juni au Julai na mara nyingi kufungwa mwishoni mwa Agosti, wakati mwingine likiongezwa wiki kadhaa. Kwa maneno mengine, wakati ambapo fomu inahitaji sahihi ya mwombaji, ya mdhamini, ya mwenyekiti au mtendaji na ya kamishna wa viapo, mwombaji yuko kambini anakimbia mchakamchaka. Asiyekuwa na bahasha ya nyaraka zake tayari nyumbani, mamake atahangaika kati ya steshenari na ofisi ya kijiji bila kujua anachotafuta.

Ningekuwa na sauti katika Halmashauri, ningeomba jambo dogo: kila mwanafunzi wa kidato cha tatu awe na bahasha shuleni, na msajili wa vizazi na vifo aifuate shule mara moja kwa mwaka badala ya kila mtoto kupanda bodaboda kumfuata yeye mjini. Katika bahasha kuwe na cheti cha kuzaliwa na uthibitisho wake, vyeti vya vifo kama vipo, nakala ya kitambulisho cha mzazi au mlezi, namba ya kaya kama nyumba imo katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na fomu ya daktari kama mwombaji au mzazi ana ulemavu. Hiyo namba ya kaya wengi huisahau. Mama anapokea ruzuku kila awamu, mtoto anaomba mkopo, na hakuna anayeyaunganisha hayo mawili, ingawa serikali ilishaikagua nyumba hiyo na kuikuta maskini. Uthibitisho wa thamani kama huo haupatikani kirahisi kwingine.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa watoto wa hapa. Bagamoyo ina shule za kulipia zenye sifa nchi nzima, Marian Girls ikiwa ya kwanza kutajwa, na katika shule za namna hiyo husoma pia watoto wa familia duni wanaolipiwa na parokia, taasisi au mtu mwenye huruma. Anapopima uwezo, mtathmini huangalia ulisoma wapi, na shule ya kulipia humwambia kwamba kwenu mna pesa. Mtoto wa mvuvi aliyelipiwa ada miaka sita huonekana sawa na mtoto wa mfanyabiashara. Dawa yake ni barua ya mfadhili inayoeleza alilipa nini na kwa nini. Iombwe kabla hujaondoka shuleni, mfadhili akiwa bado anapatikana, kwa sababu mapadre huhamishwa na mashirika hufunga ofisi.

Fomu yenyewe siielezi kwa urefu, kwani mwongozo wa Bodi hutolewa kila mwaka kwa Kiswahili na kila mtu anaweza kuusoma. Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000. Mwombaji asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Ila nasisitiza hili: likitangazwa dirisha la marekebisho, ingia uangalie, hata kama unaamini hukukosea. Na ukikosa, kata rufaa. Nimewaona vijana wa hapa wakikaa kimya kwa haya, wakidhani rufaa ni ugomvi na serikali. Rufaa ni hatua ya kawaida iliyowekwa kwa ajili ya mtu ambaye karatasi zake hazikumsemea vizuri mara ya kwanza.

Tuseme kijana amepata mkopo. Mkopo una mafungu: chakula na malazi, ambayo sasa ni shilingi 10,000 kwa siku baada ya kupandishwa kutoka 8,500, ada kwa kiwango alichopangiwa, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti. Fungu la chakula ndilo wanafunzi huliita bumu. Lakini bumu halimsubiri mtu getini. Mwanafunzi lazima kwanza afike, asajiliwe na asaini. Kuna nauli, godoro, ndoo, bima ya afya ya mwanafunzi ambayo imekuwa shilingi 50,400, michango ya chuo, na chakula cha wiki za mwanzo. Hapa ndipo ukoo unapoweza kufanya jambo kubwa kwa pesa isiyo kubwa. Familia nyingi huogopa neno chuo kwa kuwa huwaza mamilioni ya miaka mitatu au minne. Kwa mtoto aliyepata mkopo mzuri, wanachotakiwa kubeba mara nyingi ni huo mwezi wa kwanza na sehemu ya ada iliyobaki. Kikundi cha akina mama chenye vikoba kinaweza kulibeba hilo, wakijua tarehe mapema.

Na si lazima kila mtu apande ngazi kwa kidato cha sita. Mtu wa hapa ana vyuo mlangoni pake: Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na chuo cha uvuvi Mbegani. Tangu 2023/24 Bodi imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada, ingawa katika fani za kipaumbele zinazoorodheshwa kila mwaka. Soma orodha kabla ya kuchagua kozi, usichague kwanza halafu ukatafute mkopo. Hata asiyekopeshwa katika stashahada hajafungiwa. Anasoma akirudi kula nyumbani, anafaulu vizuri, anaomba shahada, na hapo anaingia katika mkopo kama wengine. Kwa familia isiyo na akiba naiona njia hii kuwa ya busara kuliko kumtuma mtoto chuo cha mbali kwa ada ya kuungaunga.

Sasa ufadhili, yaani pesa isiyorudishwa. Wa ndani ni mchache na hutazama sana alama. Samia Scholarship ilianza mwaka 2022/23 kwa wenye ufaulu wa juu kabisa katika tahasusi za sayansi. Benki Kuu ina mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ulioanzishwa 2009, unaowatazama hasa wanawake wanaosoma hisabati na sayansi na wanafunzi wa uchumi, teknolojia ya habari, uhasibu na fedha. Taasisi ya Karimjee Jivanjee imekuwa ikiwasomesha chuo kikuu washindi wa mashindano ya Young Scientists Tanzania, na huu napenda walimu wa Bagamoyo wauangalie kwa macho mapya. Hapo anayetazamwa ni mwanafunzi wa sekondari mwenye mradi wa utafiti. Mtoto aliyekulia kati ya mikoko, mashamba ya chumvi na mwani ana maswali ambayo mtoto wa mjini hajawahi kuyaona.

Wa nje una historia ndefu kwetu. Kati ya 1959 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tom Mboya wa Kenya alipowakusanyia vijana nafasi na ndege za kwenda Marekani, wamo Watanganyika waliofaidika. Leo majina ni mengi. Ashinaga ya Japani ni kwa waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, Mastercard Foundation hupitia vyuo maalumu kama Makerere, na serikali za China na Hungary nazo hufadhili, nafasi nyingine zikitangazwa na Wizara ya Elimu. Chevening ya Uingereza ni ya shahada ya uzamili na hutaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Aga Khan Foundation nayo hulenga uzamili, na nusu ya fedha zake ni mkopo. Nyingi hufunga maombi miezi mingi kabla ya masomo kuanza, na hapo tunarudi pale pale: pasipoti ni shilingi 150,000, na ili uipate utaulizwa cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi pia. Yatima anayeomba Ashinaga huulizwa kifo kilichothibitishwa. Na atakayekupigia simu akitaka utume pesa ili jina lako lipite, mkatie. Ufadhili wa kweli hauuzwi kwa simu.

Limebaki jambo ambalo wazee wengi wa hapa huliuliza kwa sauti ya chini, nami naliheshimu: je, mkopo huu una riba? Kwa miaka mingi deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kutunza thamani ya fedha, na aliyechelewa alitozwa faini ya asilimia 10. Kuna nyumba za Kiislamu zilizomwambia kijana heri akae kuliko kuingia humo. Mwaka 2021 serikali iliyaondoa yote mawili. Kilichobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1 inayotozwa mara moja, na marejesho ambayo kwa mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, akiwa amepewa miezi 24 tangu amalize masomo. Ile asilimia 1 ina hukumu gani, mwulize shekhe wako, umpelekee mwongozo wenyewe auone. Kijana aliyekataa mkopo mwaka 2018 kwa sababu ya asilimia 6 huenda sasa ana mdogo wake kidato cha tano. Huyo mdogo ataomba kwa masharti mengine, na nyumba nzima inapaswa kuyasoma masharti hayo kabla mtu yeyote hajamwambia aache.